Daktari wa Seli

Mtaani kwetu tulimwita Daktari, na kila jina hilo lilipomfikia alisita kidogo kabla ya kugeuka, kama mtu aliyeitwa kwa jina la dada yake. Hakuwa daktari wa kutibu. Alisomea seli, zile chembe ndogo zinazojenga mwili, akazisomea mpaka elimu ikaisha, huko ng'ambo. Lakini ukishaitwa daktari karibu na Kiamaiko, penye machinjio ya mbuzi, hakuna anayekuuliza wa nini.

Asubuhi moja mchinjaji wa mbuzi alikuja na mtoto mgongoni, gamba la damu bado kwenye gambuti zake za mpira. "Daktari, huyu amechemka tangu jana."

"Mimi si wa watu, baba. Mimi ni wa seli."

"Sasa yeye hana seli?"

Daktari alifikiri swali hilo kwa uzito, nadhani alilipenda. Kisha akafunga kitabu, akatembea na yule baba hadi zahanati, akakaa naye foleni mpaka saa saba mchana. Aliporudi hakusema lolote juu ya mtoto. Alisema tu kwamba benchi za pale zimetengenezwa na mtu asiyejua kuwa binadamu ana mgongo.

Mimi nilikuwa mtunzaji wa chumba cha kusomea cha mtaa, chumba kimoja cha mabati nyuma ya kanisa, chenye meza sita na rafu za vitabu ambavyo vijana wa mtihani walivichakaza kwa vidole. Hapo ndipo nilipomjua. Alizaliwa wapi na ukoo wake ulikuwaje sikuwahi kuuliza, naye hakuwahi kuniambia. Yeye aliniita Mama Nekesa, kwa jina la binti yangu, kama wote. Alinisalimu kwa mkono kila siku, hata siku ambazo tulikuwa hatusemezani.

Alifika saa mbili kamili. Alivaa akala za Kariokor, zile za matairi, juu ya soksi, mvua na jua, na sketi ambayo ilikuwa imekatwa kwa ajili ya mji wenye baridi. Alichukua meza ya pembeni, chini ya dirisha lililopasuka. Alisoma mpaka saa kumi, akafunga mkoba, akaenda. Saa sita alikula ndizi moja, akiitazama kila kabla ya kuimega. Mtu akikaa kwenye meza yake hakumwondoa. Alisimama tu karibu, kimya, mpaka yule mtu akajiondoa mwenyewe. Nilimwambia kwamba hilo lilikuwa baya zaidi ya kumfukuza. Akasema anajua, lakini hajui njia nyingine.

Alikuwa na swali moja alilomuuliza kila mtu. Ukimwambia bei ya unga imepanda, au mke wa fulani amehama, au mzee wa kanisa ameonekana mahali pasipofaa, alikutazama na kuuliza, "Hiyo umeiona au umeambiwa?" Hakuuliza kwa ukali. Alitaka kujua kweli. Ukisema umeambiwa, alitikisa kichwa na kurudi kwenye kitabu, na habari yako ikabaki mikononi mwako bila pa kuiweka. Wanawake wa kanisani walimwogopa kwa hilo. Mimi mwenyewe nilianza kupunguza maneno. Hata leo kuna mambo ninayoanza kuyasema, kisha nakumbuka kwamba niliambiwa tu.

Na mtu akimuuliza jambo asilolijua, alisema "Sijui" kwa sauti kamili, bila kuona haya. Sikuwa nimewahi kumsikia msomi akilitamka neno hilo hivyo.

Watoto wa sekondari ndio walioanza kumzoea. Walimsalimu kwa lugha yao, "Sasa Daktari," naye alijibu "Salama," kila mara, bila kujaribu kuwafurahisha. Jumamosi moja alileta ini la mbuzi kutoka Kiamaiko, limefungwa kwenye gazeti, pamoja na hadubini kuukuu iliyokuwa na jicho moja tu linalofanya kazi. Alikwangua ini kwa wembe, akapaka ule utelezi kwenye kioo, akadondoshea dawa ya buluu, akawaita mmoja mmoja.

"Unaona nini?"

"Madoadoa."

"Kila doa ni kiini cha seli. Humo ndimo jeni zinakaa, yale maagizo yote. Seli ya ini na seli ya jicho zina maagizo yaleyale. Sasa mbona jicho si ini?"

Alingoja. Alikuwa na subira ya kungoja jibu kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona. Mwishowe aliwaeleza kwamba maagizo hayasomwi yote kila mahali. Kuna protini ambazo kazi yao ni kuishika jeni na kuifanya inakiliwe au isinakiliwe. Kunakiliwa huko ni unukuzi, akasema, na protini hizo huitwa vidhibiti vya unukuzi. Nazo hutengenezwa nje ya kiini. Ili ziifikie jeni, lazima zipite kwenye matundu ya utando unaokizunguka kiini. Matundu yenyewe yamejengwa kwa protini nyingine nyingi, zimeshikana kama nyuzi za kikapu.

Binti mmoja wa kidato cha nne akasema, "Kwani hizo matundu ni kama geti ya ploti na soja wake wa kulinda?"

Wenzake walicheka. Daktari hakucheka.

"Kila mtu husema geti," alijibu. "Mimi pia nilianzia hapo. Lakini soja haachi geti akaingia kwa nyumba ya mtu, akakaa, akawasha taa. Baadhi ya hizi zinaingia. Zinaacha tundu, zinakwenda zenyewe mpaka kwenye jeni." Akafuta kioo kwa kitambaa muda mrefu kupita ilivyohitajika. "Inasemekana," akaongeza.

Nilishangaa. Sikuwa nimewahi kumsikia akisema "inasemekana".

Aliishi na mamake katika nyumba za zamani za mtaa, zile za safu zenye ua mmoja na mfereji mmoja wa maji. Sote tulimwita mamake Shosho, yaani bibi mzee. Shosho alikuwa mdogo kwa umbo, mcheshi, na miguu yake ilikuwa imekataa kazi, kwa hivyo alishinda kwenye kiti dirishani akiwaita wapita njia. Ijumaa moja jioni nilipompelekea Daktari kitabu alichosahau, nikamkosa, Shosho alinikalisha, akanipa chai.

"Huko maabara wanamchosha sana mtoto wangu," aliniambia. "Anarudi hata kuongea hawezi."

Nilishika kikombe kwa mikono miwili. Nyuma yake, kwenye kamba ya ua, kulikuwa na koti jeupe la maabara limeanikwa.

"Chai ni tamu, Shosho," nikasema.

Kesho yake Daktari alifika saa mbili kamili. Hakuketi.

"Umefika kwangu."

"Nimefika."

"Umesema nini?"

"Nimesema chai ni tamu."

Alifungua mkoba wake akanionyesha. Ndani, chini ya vitabu, lilikuwemo lile koti limekunjwa vizuri. Alilibeba kila siku ili mamake alione likitoka na likirudi. Kila Ijumaa alilifua. Nilikuwa nimefanya kazi mita nne kutoka kwa koti hilo kwa muda mrefu bila kujua.

Akaketi, na kwa mara ya kwanza akanieleza maisha yake. Aliyaeleza kama mtu anayesoma ripoti.

Huko ng'ambo alikuwa ameifuatilia protini moja ya matundu kwa miaka saba. Alidai kwamba haikai tunduni tu. Huingia ndani ya kiini, huketi kwenye jeni fulani pamoja na kidhibiti cha unukuzi, na jeni ikinyamaza, protini ile hubaki palepale. Ndiyo sababu jeni hiyo ikiitwa mara ya pili huamka haraka kuliko mara ya kwanza. Yalikuwa madai makubwa. Watu walimwalika kuzungumza. Alikuwa na wanafunzi wawili waliojenga kazi zao juu ya yake.

"Uliionaje?" nikamuuliza. Nilikuwa nimeshajifunza kuuliza hivyo.

Akatabasamu kidogo. "Kuna kitu kinaitwa kingamwili. Unaitafuta inayonata kwenye protini yako peke yake, unaitia rangi inayong'aa, unaangalia inang'aa wapi. Iling'aa ndani ya kiini, juu ya jeni. Picha zilikuwa nzuri sana, Mama Nekesa. Nilikuwa na moja ukutani."

"Halafu?"

"Halafu nikafanya jambo nililopaswa kulifanya mwanzo. Nikachukua seli, nikaikata jeni ya ile protini kabisa. Seli zile hazikuwa nayo tena. Nilipaswa kuangalia nisione kitu. Nilipoangalia, zilikuwa zinang'aa vilevile."

Nilichukua muda kuelewa. Aliningoja.

"Ilikuwa inanata kwenye nyingine," nikasema.

"Kwenye ndugu yake. Protini za matundu zinafanana. Miaka saba sikuwa nimeiona ya kwangu hata siku moja."

"Nani alijua?"

"Mimi."

"Na nani mwingine?"

"Hakuna. Nilipomwambia mkuu wangu, alisema tungoje kidogo. Alisema hakuna aliyeuliza." Alilaza viganja vyake mezani. "Nikaandika barua kwa jarida lililochapisha kazi hiyo, nikaiondoa makala. Mwanafunzi wangu mmoja alinifuata hadi mlango wa nje akaniuliza kama nimefikiria maisha yake. Nilikuwa sijayafikiria. Nilikuwa nafikiria zile seli."

Mkataba wake ulipoisha haukuongezwa, na mahali pengine alipoomba hawakumjibu. Akarudi nyumbani. Mlangoni, kabla mizigo haijaingia, Shosho alimuuliza, "Sasa utafanya kazi maabara gani?" Akajikuta akisema ameshapata ya hapa hapa Nairobi.

"Nilidhani ni kwa wiki moja," alisema.

Nilimwambia aende akamwambie mamake ukweli. Akasema ataenda. Hakwenda. Mwanamke aliyevunja kazi yake kwa mikono yake kwa sababu ya kosa ambalo hakuna mwingine aliyeliona, hakuweza kuvuka chumba kimoja na kumwambia mama mzee maneno matano. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi na sijalipatia jibu. Labda uongo kwa wageni ni kitu kimoja, na huzuni ya mama ni kitu kingine. Sijui.

Upweke wake haukuwa wa kukosa watu. Mtaa wetu hauna nafasi ya kukosa watu. Unasikia jirani akikoroga uji. Alikosa wa kuambiwa. Wakati mwingine alikuwa akisoma, akainua uso ghafla, macho yamewaka, akatazama huku na huku chumbani. Vijana wameinamia karatasi zao, mimi nagonga mihuri. Uso ukazima taratibu akarudi kusoma. Mara moja nilimwambia, "Niambie mimi basi." Alianza. Baada ya dakika chache aliona nimepotea, akaniambia kwa upole kwamba tutaendelea siku nyingine. Siku hiyo haikufika, na kosa lilikuwa langu pia, kwa sababu sikumkumbusha.

Alikuwa na ugumu wake. Hakusamehe kuchelewa. Binti yangu alipofaulu mtihani wa kuingia chuo cha uuguzi, nilimwalika nyumbani, nikapika kuku wa kienyeji na ugali wa wimbi kama tunavyofanya kwetu magharibi. Wageni walichelewa. Alingoja dakika kumi mlangoni, akampa Nekesa mkono, akaenda zake. Nilikasirika wiki mbili. Baadaye Nekesa ndiye aliyeniambia kwamba kila Alhamisi, mwaka mzima, Daktari alikuwa akimfundisha baiolojia kwenye ngazi za kanisa, na alimkataza asinieleze kwa sababu ningejisikia nina deni la shukrani.

Shosho aliugua mwaka wa nne tangu binti yake arudi. Nilikuwa naenda kumgeuza na kumwosha alasiri, kabla binti yake hajarudi. Siku moja nikiwa namfunga leso, alinishika mkono.

"Mwanangu," alisema, "wewe unajua haendi maabara."

Nilitazama leso iliyokuwa mkononi mwangu.

"Nimefulia watu nguo miaka thelathini. Koti la kazi likifuliwa lina kitu kinatoka. Hata jasho. Maji ya koti lile ni safi tangu mwaka wa kwanza."

"Mbona hujamwambia, Shosho?"

"Akijua najua, atatoka nyumbani aende wapi?"

Akaniambia nisiseme. Nikaahidi. Kwa hiyo nikawa na siri mbili zinazotazamana, na mimi katikati, nikigonga mihuri. Shosho alifariki baada ya wiki chache, mchana, binti yake akiwa kwenye meza ya dirisha lililopasuka. Mimi ndiye niliyekwenda kumpa habari. Alisimama, akavaa koti jeupe juu ya sweta yake, sijui kwa nini, akatembea nalo mtaani hadi nyumbani.

Kwenye mazishi wazee walimshukuru kwa kumheshimisha mamake kwa kazi yake kubwa ya maabara. Alisimama akapokea shukrani hizo moja baada ya nyingine.

Baada ya hapo alipungua. Alikuja siku mbili kwa wiki, kisha moja. Nyumba za zamani zilipoanza kubomolewa ili zijengwe ghorofa, alihamia mtaa wa Kware, orofa ya sita. Tulizungumza kwa simu kidogo, kwa sababu simu alikuwa akiishika kama kitu kilichochemka. Miaka miwili ikapita hivyo.

Ndipo barua pepe ikaja. Alikuwa ametumia anwani ya chumba cha kusomea kwa mambo yake yote, na bado ilikuwa anwani yake pekee. Iliandikwa na yule mwanafunzi aliyemfuata mlangoni. Sasa alikuwa na maabara yake mwenyewe. Nilielewa vya kutosha kujua kwamba ni jambo kubwa. Niliichapisha kurasa zote nne, nikaenda Kware Jumapili baada ya ibada.

Chumba chake kilikuwa na kitanda, meza, na dirisha lililotazama ukuta wa jengo jirani, karibu kiasi cha kuugusa. Alikuwa amekonda. Alinipa mkono, akanikalisha kwenye kiti, yeye akakaa kitandani. Akasoma kurasa zote nne mara mbili, bila haraka.

"Anasema nini?" nikamuuliza.

"Anasema ameiweka rangi kwenye protini yenyewe, ndani ya seli iliyo hai. Hakutumia kingamwili. Hawezi kuichanganya na ndugu yake." Alipindua ukurasa. "Inaingia. Inakaa kwenye jeni pamoja na kidhibiti. Ukiiondoa, jeni inasahau kwamba iliwahi kuitwa."

"Kwa hivyo ulikuwa sahihi."

"Hapana. Nilibahatisha."

"Daktari."

"Nilibahatisha, Mama Nekesa. Sikuwa nimeiona. Yeye ameiona." Alisema hivyo bila uchungu, kama mtu anayerudisha kitu kwa mwenyewe. "Anauliza kama anaweza kuitaja makala yangu ya zamani. Mwandikie kwamba asiitaje. Akitaka kunitaja, ataje barua ya kuiondoa. Ile niliifanya vizuri."

Niliandika maneno yake nyuma ya bahasha. Kisha, kwa kuwa nilikuwa nimeyabeba muda mrefu na sikujua kama tutaonana tena, nikamwambia habari ya Shosho. Nilimwambia yote: kufua, maji safi, na lile swali la mwisho.

Alinitazama. Nilijua swali linalokuja.

"Nimeambiwa," nikasema, kabla hajauliza. "Na yeye mwenyewe. Nikiwa namfunga leso."

Jirani wa juu alivuta kiti sakafuni. Daktari alizikunja zile karatasi, akazikunjua, akazinyoosha juu ya goti. Sikuona chozi. Baadaye aliniuliza kama Nekesa anaendeleaje kazini, nikamjibu, akasema vizuri. Aliniuliza kama nina haraka. Nilikuwa na magari mawili ya kupanda na giza lilikuwa linakaribia, nikasema ndiyo, kidogo. Nimejuta jibu hilo.

Alinisindikiza hadi mlangoni, akanipa mkono, akafunga. Nilikuwa nimeshuka ngazi tano nilipomsikia akiongea. Nilidhani ananiita, nikarudi. Hakuwa ananiita. Alikuwa anaongea Kikuyu, lugha ambayo sikuwahi kumsikia akiitumia kwa mambo ya kazi yake, kwa sauti ya kawaida, akisimama na kuanza tena kama mtu anayemngoja mwenzake aelewe. Kikuyu changu ni cha sokoni. Nilishika maneno machache tu: seli, protini, jeni. Na katikati yake, tena na tena, maitu, maitu, mama yangu.

Nilisimama pale kwenye ngazi mpaka alipomaliza kumweleza.